Wasifu wa Pili wa Nyanjige

"Sketi ya mwanangu iko wapi, Mzee Januarius?"

Mama Shigela aliuliza akiwa bado mlangoni, anakung'uta tope kwenye kandambili. Mvua ilikuwa imenyesha Bariadi tangu alfajiri na barabara ya mbele ya duka ilikuwa imegeuka uji. Ndani, fundi Januarius Maganga alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, mikono juu ya magoti. Kitambaa cha bluu kilikuwa mezani, kimepigwa chaki lakini hakijaguswa na mkasi.

"Kesho, mama."

"Kesho hiyo nimeanza kuisikia kabla ya Krismasi. Shule zinafunguliwa. Unataka mtoto aende darasani na kanga?"

"Kesho utaikuta."

"Haya. Lakini uangalie vizuri usije ukanipa sketi ya mtoto wa mwingine, maana nyie..."

Mama Shigela alijizuia, lakini alikuwa amechelewa. Mteja mwingine aliyekaa kwenye benchi akisubiri suruali yake aligeuza uso ukutani na mabega yakaanza kumtikisika. Januarius aliinama kama anatafuta sindano iliyoanguka. Hakukuwa na sindano iliyoanguka.

Mji mzima ulikuwa unalijua jambo hilo. Mama yake Januarius, Mektilda Nyanjige, alifariki mwezi wa kumi na moja, amezeeka vizuri, akazikwa nyumbani kwake upande wa Lagangabilili. Pembeni mwa kaburi, Machibya, katibu wa kamati ya msiba, alisimama na karatasi iliyochapwa vizuri akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mpenda kimya, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti. Watu wakatazamana. Nyanjige akisalimia jirani, ng'ombe wa kijiji cha pili walikuwa wanainua vichwa. Machibya akaendelea. Alisoma kwamba marehemu alitumikia taifa kama karani na kustaafu kwa heshima, na kwamba alipenda kuoka keki na kupanda maua.

"Jamani," sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma, taratibu kabisa, "tumekosea msiba?"

Hapo waombolezaji walicheka. Walijaribu kuziba midomo kwa khanga na kofia, lakini kicheko kikipata njia msibani hakizuiliki. Machibya, kwa kuwa ni mtu wa kutimiza wajibu, alisoma hadi mahali paliposema marehemu ni mjane wa mchungaji, na padri wa Kikatoliki aliyekuwa amesimama pembeni na maji ya baraka akakohoa, ndipo akanyamaza.

Wasifu ulikuwa umechapwa kwenye duka la kutoa kopi, Bariadi. Binti wa duka alichukua wasifu wa mama mwingine uliokuwa kwenye kompyuta, akabadilisha jina, akabadilisha jina la kijiji, kisha wateja wa kutoa kopi wakamsonga na mengine akayasahau. Januarius alilipa na kukunja karatasi bila kuisoma. Miwani yake ilikuwa nyumbani, na yeye si mtu wa kukubali mbele ya binti mdogo kwamba haoni.

Kilichoukera zaidi mji ni kwamba kosa hilo lilifanywa na Januarius. Angekuwa mtu mwingine, wangesamehe. Januarius ndiye mwandishi wa mtaa. Alisoma madarasa ya jioni hadi akajua kuandika barua ya serikali kuliko waliosoma mchana. Yeye ndiye katibu wa jumuiya, yeye ndiye anayewasahihisha watu Kiswahili chao kanisani hata wakiwa katikati ya sala. Na siku ya mazishi alifanya jambo jingine. Kwa desturi, bibi akifa wajukuu ni watani wake. Huvaa nguo zake, hutembea kama yeye, huwasema watu kama alivyokuwa anawasema, na wazee huwapa vijisenti wanyamaze. Januarius aliwakataza. "Kuna wageni wa ofisini," alisema. "Huu si msiba wa michezo." Kwa hiyo Nyanjige akashuka kaburini bila mtu hata mmoja kumkumbuka alivyokuwa.

Tangu siku ile fundi alikuwa hakati kitambaa. Akishika mkasi, mkono unasimama.

* * *

Jumapili walikwenda kijijini kupanga misa ya arobaini, yeye, mkewe Veronica na binti yao Winnie. Kabula, dada yake Januarius ambaye ndiye aliyebaki na mji wa mama, alikuwa uani anaanika michembe ya viazi juu ya gunia, maana jua lilikuwa limepenya kidogo.

"Mwadila, Kabula," Januarius alisalimia.

Kabula alipindua kipande kimoja cha michembe, akakitazama kwa makini, akakirudisha.

"Winnie," alisema, "karibu mwanangu. Wifi, karibu. Winnie, mwambie baba yako mchele umefika kutoka Kalemela, gunia zima, na hauna mawe."

Winnie alimtazama baba yake, ambaye alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. "Baba, shangazi anasema mchele umefika."

"Nimesikia. Mwambie asante. Mwambie na sukari nimeleta."

"Shangazi, baba anasema..."

"Winnie, mwambie baba yako jambo moja zaidi," Kabula alisema, sasa akiwa ameinuka. Alikuwa mwanamke mkubwa, na aliposimama wima kuku walisogea. "Mwambie sufuria zote za shughuli hii ni zangu. Na mapishi ni yangu. Siku hiyo nikisikia tena neno keki, nabeba sufuria zangu na wali ukiwa ndani yake, naondoka. Atawalisha wageni wake wa ofisini karatasi."

"Shangazi, hilo siwezi kumwambia baba."

"Basi. Amesikia."

Veronica alicheka kidogo akajifanya anapiga chafya. Januarius hakucheka. Alikwenda kusimama kwenye kaburi, ambalo lilikuwa bado udongo mtupu wenye msalaba wa mbao, akakaa pale mpaka mvua ikaanza tena. Kabula alimtazama kutoka jikoni. Moyoni alikuwa anataka kaka yake alie. Angelia hata mara moja, angempelekea kigoda. Lakini Januarius alisimama wima kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye mkutano, na Kabula akarudi kwenye moto wake na hasira zake.

Walikuwa njiani kurudi mjini, wamekaribia Bariadi.

"Nitamwomba Machibya aandike," Januarius alisema. "Yeye ana lugha."

"Machibya alikuwa mtoto wa mama yako?" Veronica aliuliza.

"Sisemi hivyo."

"Umewaandikia watu wa mtaa huu barua za mahari, za viwanja, hata yule aliyetaka kumshitaki mbuzi. Mama yako ndiye anakushinda?"

Januarius alitazama nje. Hakuweza kumwambia mkewe kwamba alikwisha jaribu. Asubuhi ile mama alipofariki alichukua kalamu, akakaa mezani, na sentensi ya kwanza iliyomjia ilimwogopesha. Ndiyo maana alitupa kalamu akaenda dukani na kumwambia yule binti: niwekee kama wanavyoweka watu wa heshima.

* * *

Jumatatu Veronica alifika dukani mapema kabla ya wateja. Alitoa karatasi ya kaki, ile ya fundi ya kukatia ramani za mashati, akaitandika juu ya meza yote. Akaweka penseli juu yake. Na miwani.

"Sasa nini?" Januarius aliuliza.

"Sasa andika. Si wasifu. Andika tu alivyokuwa."

"Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani."

"Nani amekuuliza mwaka? Aliitwa Nyanjige kwa sababu alikuja na nzige. Kila mtu anajua. Anza na sauti yake, kama hujui pa kuanzia."

Aliondoka kwenda sokoni. Januarius alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala upande: *Mama yangu alikuwa na kelele.*

Aliitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu, kama mtu aliyemfungulia mbwa mkali mlango. Halafu bila kutegemea akacheka peke yake.

Akaandika kwamba mama yake alikuwa anaita watu kutoka shambani bila kuacha kulima. Akaandika kwamba siku moja karani wa pamba alimwambia mzigo wake ni fifi, wa daraja la chini, na Nyanjige akatoa pamba kiganjani, akamfuta karani jasho usoni nayo, akamwambia, "Haya, imekuchafua?" Na pamba ikapokelewa kuwa safi. Akaandika kwamba hakuwahi kula keki mpaka harusi ya Januarius mwenyewe, na alipolishwa kipande mbele za watu alitafuna, akameza, akauliza kwa sauti iliyofika kwa wapishi, "Ugali uko wapi?"

Mama Shigela aliingia kuuliza sketi. Alikuta fundi ameinama juu ya karatasi, anafuta machozi ya kicheko kwa futikamba yake ya kupimia.

"Unaandika nini?"

"Namwandika mama."

Mama Shigela alikuwa na maneno yake tayari mdomoni, lakini aliyameza. Alikaa kwenye benchi. "Umeweka ile ya mwenyekiti wa kijiji na jogoo?"

"Ipi hiyo?"

"Huijui? Wewe kweli ulikuwa mjini." Akamweleza, kwa mikono yote miwili, namna jogoo wa mwenyekiti alivyokuwa anakuja kula mtama wa Nyanjige, na Nyanjige akampelekea mwenyekiti hati ya wito kwa jina la jogoo. "Akamwambia, mlete mahakamani, ama mimi nitamhukumu kwa sufuria."

Januarius aliandika. Mama Shigela alipoondoka, alikuwa amesahau kudai sketi.

Kazi iliendelea siku ile na kesho yake. Kaki ilijaa upande mmoja. Lakini alipofika kwenye habari za utoto wake, penseli ilisimama kama mkasi ulivyokuwa unasimama. Ilikuwa ni ile sentensi iliyomjia asubuhi ya kifo. Ilikuwa imekaa pale inamsubiri.

Veronica alimletea uji akamkuta ametulia.

"Umeishiwa?"

"Kuna jambo haliwezi kuingia kwenye wasifu."

"Liandike kwanza. Kuingia ni baadaye."

Akaandika. *Mama aliniachisha shule nikiwa darasa la nne.*

Veronica alisoma juu ya bega lake. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu ujana, na hakuwahi kuisikia habari hii kwa kinywa chake. Alijua tu kwamba mumewe alisoma jioni, na kwamba akilewa kidogo kwenye harusi hupenda kuwauliza walimu maswali magumu. Alivuta kigoda akakaa.

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa amekwenda Mwandoya kwa mke mwingine, harudi. Mama alikuwa na mimba ya Kabula, siku za mwisho. Ng'ombe hawakuwa na mtu. Alikuja mpaka mlango wa darasa, akaniita mbele ya wenzangu wote. Kwa sauti ile. Nikatoka. Sikurudi tena."

"Na ulimkasirikia."

"Miaka yote hii." Januarius alishangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi. "Kila nilipomletea sukari, nilikuwa nimemkasirikia. Kila nilipomsahihisha mtu Kiswahili, nilikuwa namwambia yeye."

"Endelea kuandika," Veronica alisema. "Usiniambie mimi. Iambie kaki."

Januarius akaendelea, na hapo penseli ikaenda mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa amepangia. Kilipokuja kisomo cha watu wazima kijijini mwaka uliofuata, yeye alikuwa anajiona kijana tayari, ananuka maziwa na mavi ya ng'ombe, akaona aibu kwenda. Mama yake ndiye aliyekwenda kujiandikisha. Jioni ya kwanza alimkuta zizini akamwambia, "Nashindwa kubeba kibatari na mtoto kwa pamoja. Njoo unishikie kibatari." Akamshikia. Kesho yake tena. Mama alikaa benchi la mbele, Kabula mgongoni, akabishana na mwalimu juu ya kila kitu. Mwalimu alipoandika ubaoni kwamba baba analima shamba, Nyanjige alisema hataandika uongo, baba yuko Mwandoya. Darasa zima likacheka. Baada ya majuma machache Januarius akawa anaandika, na mama yake akaacha kwenda. Alisema amechoka, macho yanamuuma. Lakini kibatari aliendelea kukiwekea mafuta.

Januarius aliacha kuandika. Alisoma mistari ile tena toka juu.

"Veronica."

"Nipo."

"Mama hakutaka kusoma."

"Hapana."

"Alikuwa ananipeleka shule."

Fundi akalaza paji la uso juu ya karatasi ya kaki, pale pale mezani, mchana kweupe na mlango uko wazi, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, sauti ambayo Veronica hakuwahi kuisikia kwake, na muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara akasimama kutazama. Veronica alimpungia mkono kwamba hakuna tatizo.

Alipomaliza alinawa uso, akanywa uji wote, akachukua mkasi na kukata kitambaa cha bluu moja kwa moja hadi mwisho. Kabla jua halijatua sketi ya Mama Shigela ilikuwa imeanikwa kwenye waya na lebo yake.

* * *

Siku ya arobaini watu walikuja wengi kuliko siku ya mazishi. Habari zilikuwa zimesambaa kwamba kuna wasifu wa pili, na wengine, tuseme ukweli, walikuja kusikiliza kama kuna keki. Chini ya turubai Machibya alikaa mbele kabisa akiwa mikono mitupu, kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo. Jikoni, Kabula alisimama kati ya sufuria zake, kijiko kikubwa mkononi, akitega sikio.

Misa ilipokwisha, kabla hajasoma, Januarius aliwageukia wajukuu. "Siku ile niliwazuia," alisema. "Leo siwazuii."

Walikuwa wamejiandaa, wala hawakusubiri aseme mara mbili. Winnie alitokea nyuma ya nyumba akiwa amefunga kitenge cha bibi juu ya kifua, fimbo mkononi, mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto. Alitembea moja kwa moja hadi kwa padri kijana, akamtazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Wewe padri, mwangaluka. Mbona mwembamba? Mungu hakupi chakula, ama jimbo?"

Padri alitaka kubaki na sura ya kazi, ikamshinda. Watu wakapiga makofi. Winnie akamgeukia baba yake na kumwita kwa jina la nyumbani, kwa sauti ambayo iliwashtua waliomjua marehemu. "Maganga! Suti hiyo umevaa ya nani? Wageni wa ofisini wamekuazima?" Bibi mmoja alimpa sarafu anyamaze. Winnie aliipokea, akaiuma kuona kama ni bandia, akadai nyingine.

Ndipo Januarius akafungua kaki yake, kubwa kama shuka, watu wawili wakashika ncha. Akavaa miwani mbele ya watu wote. Alisoma habari za pamba, wakacheka. Alisoma ya jogoo, wakacheka zaidi, na mwenyekiti mstaafu akainua mkono kukiri. Alipofika kwenye mlango wa darasa sauti yake haikutikisika. Alisoma kwamba mama yake alimtoa shule, kisha akasoma namna alivyomrudisha, na mgongoni mwa mama kulikuwa na Kabula, mtoto aliyekuwa analia kila mwalimu akigeukia ubao.

Jikoni kijiko kilisimama. Kabula hakuwa amewahi kujua kwamba yeye ndiye mtoto huyo, wala kwamba kuzaliwa kwake kulimgharimu kaka yake dawati. Alitoka nje akasimama chini ya ukingo wa turubai, moshi unafuka nyuma yake.

Januarius alimaliza. Kisha mzee mmoja aliyekaa pembeni na kofia ya sufu akainuka kwa shida. Alikuwa Jilala, jirani ambaye shamba lake linapakana na la marehemu.

"Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho," Jilala alisema. "Mbona mimi simo?"

"Mzee Jilala, nilikuheshimu," Januarius alisema. "Nilijua mligombana juu ya mpaka wa shamba."

"Mligombana! Tumegombana na mama yako tangu mimi sijaoa. Kila msimu anahamisha mpaka, tuta moja tu, anadhani sioni. Nimetukanwa na watu wengi duniani lakini hakuna kama yule. Halafu unamwandika mpaka jogoo, mimi unaniacha?" Mzee akaonyesha shambani kwa kidole. "Mwaka huu nimelima pamba kimya. Nafika mpakani, nasimama na jembe, nasubiri. Hakuna mtu. Usiniheshimu, bwana. Niandike."

Januarius alichukua penseli. "Niandike nini, mzee?"

"Andika kwamba alinionea."

"Alinionea," Januarius alirudia akiandika.

"Na andika kwamba lile tuta la mwisho, lenye kichuguu, ni langu."

"Usiandike hilo, kaka."

Watu wakageuka. Kabula alikuwa amekwisha fika mbele, bado ameshika kijiko.

"Tuta la kichuguu ni la mama," alimwambia Januarius, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Huyu mzee anatumia arobaini ya watu kupora shamba. Unamwandikia nini, kaka, huoni ujanja wake?"

"Ujanja wangu?" Jilala alisema, na macho yakamng'aa. "Twende tukapime sasa hivi."

"Twende. Nani anaogopa? Kaka, beba hiyo karatasi yako utuandikie tukifika kule."

Januarius aliweka penseli nyuma ya sikio, akakunja kaki. Watatu hao wakashika njia ya shambani wakibishana, Kabula amemshika kaka yake mkono wa suti asiteleze kwenye tope. Wajukuu wakawafuata, kisha wageni wote wakainuka, kwa sababu hakuna aliyetaka kuhadithiwa. Padri alibaki peke yake na Veronica, na sufuria zikichemka.

"Mama," alimwuliza, "na mimi niende?"

"Nenda, padri," Veronica alisema, akishika kijiko kingine. "Hili litachukua muda."